Giza la Kaka na Dada (9): Mama Yuko Wapi?

Mkono wa Hingano ulikuwa bado kwenye kitasa, mlango wa chumba cha mitambo ukiwa wazi, na ndani, gizani, alikuwa amekaa mtu.

Wiki nzima mmekisia. Wengine mmesema mwizi wa kompyuta, wengine mmesema marehemu karudi. Wote mmekosa. Aliyekuwa amejaa tele kwenye kile kiti cha kuzunguka, macho kwenye kioo cha kompyuta, akitazama picha za Hingano zikicheza, alikuwa Paea. Kaka yake. Wa baba mmoja na tumbo moja.

Afadhali angekuwa mwizi.

Maana tangu siku Paea sauti yake ilipoanza kukwaruza, akahamishiwa kibanda cha uani, hajakaa na dada yake kwenye chumba chenye giza, wala hajatazama naye picha moja inayocheza. Ndivyo Mtonga wa visiwani mwenye adabu anavyolelewa. Televisheni ikiwashwa Hingano akiwa sebuleni, Paea hukumbuka ghafla kwamba ana tairi la kuziba. Mtu wa miaka thelathini na kitu, filamu hata moja hajui iliishaje.

Mwanga wa ukumbini ulipompiga usoni, Paea aliruka. Kiti kikaanguka upande wake na yeye upande mwingine. Akafunika macho kwa kiganja, akapita ubavuni mwa ukuta, lile jitu zima lililowahi kucheza raga, likijibana kama panya aliyeona paka, mpaka likatoka nje.

Hingano hakushtuka. Aliinama, akakisimamisha kiti.

Siku hizi Hingano hakuwa anashtuka. Tangu walipomzika mama yao kule Māngere, mvua ikinyesha ndani ya kaburi, alikuwa ameshikwa na ganzi. Ile ganzi ya kwa daktari wa meno, ila hii haikuchagua shavu, ilichukua mwili mzima. Alikuwa anakula na kuoga, anajibu salamu, na mkeka wa msiba, kwa desturi yetu, anaufunga kiunoni kila asubuhi. Juzi alikunywa chai ya moto mpaka ulimi ukatoka malengelenge, na aliyemwambia kwamba ameungua ni mtu mwingine.

Kilio watu walikingoja mpaka wakachoka, wakaenda makwao.

Na leo ndiyo leo. Jua likishatua tu, na jua la Julai hapa Auckland linatua kama linafukuzwa, taa zote za jengo lile la chuo zingezimwa. Ndani yake mna ukumbi mmoja mrefu uliotoboka kutoka chini hadi paa, ghorofa tano zikiuzunguka kwa vibaraza na ngazi. Kuta zile, na nguzo, na kila kipandio cha ngazi, Hingano alikuwa amevipima kama fundi cherehani anavyompima bibi harusi, kisha akavishonea nguo ya mwanga. Projekta zikiwashwa, jengo lingevaa. Na sauti ingetoka kwenye spika za kila ghorofa, picha na sauti vikienda bega kwa bega.

Huo ndio ulikuwa mtihani wake wa shahada ya pili. Profesa Tolley alikuwa ameshatamka sharti: onyesho ni moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Likizimwa katikati, amefeli, na miaka yake miwili imekwenda na maji.

Picha zilikuwa za dada. Sauti ilikuwa ya kaka. Na kwa kuwa dada na kaka hawawezi kukaa gizani kuangalia kama mdomo wa kazi na ulimi wake vinafuatana, alikuwapo mtu wa katikati. Mtu huyo ni Kalo, mke wa Paea, wifi wa Hingano, na mimba yake ya miezi saba.

Kalo alikuwa amekaa kwenye ngazi nje ya mlango, anakula pai ya nyama.

Paea alisimama upande wa pili wa kibaraza, amewapa kisogo wote wawili, uso kwenye ukuta. Mbele yake palikuwa na mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Akauambia ule mtungi:

"Mwulize mama yuko wapi."

Kalo akameza. "Wifi, mume wangu anauliza mama yuko wapi."

"Nimesikia," Hingano akasema.

"Na mimi nimesikia kwamba umesikia. Lakini mimi kazi yangu kupeleka, sasa nipeleke nini?"

Hingano akatazama chini ukumbini, ambako vijana wa chuo walikuwa wanapanga viti.

"Mwambie nimemtoa."

Kalo akaacha kutafuna.

Mwanzoni, wasomaji wangu, kazi ile ilikuwa ya mama peke yake. Hingano alimpiga picha za video Krismasi iliyopita, uani kwake, amekaa mbele ya gogo lake akiponda magome kwa nyundo ya mti, anatengeneza ngatu, kile kitambaa cha gome tunachowatandikia maharusi na maiti. Paea siku ileile, amejificha nyuma ya nyumba na kinasa sauti chake, alikuwa ananasa nyundo. Kaka uani nyuma, dada uani mbele, na mama katikati akijua kila kitu na kujitia hamnazo.

Kisha mama akafa. Na Hingano, aliporudi kutoka makaburini, alikaa mbele ya kompyuta akaanza kumtoa. Mkono ukatoka, uso ukatoka, kile kicheko chake cha kuonyesha ufizi kikatoka. Alimtoa kama mtu anavyotoa vyombo mezani, bila haraka, mpaka kikabaki kitambaa chenyewe, michirizi yake myeusi na ya kahawia ikitembea kwenye kuta peke yake. Akamwambia Kalo: mwambie Paea nimebadilisha.

Kalo hakumwambia.

Na sauti ya Paea, ambayo aliishona kila mapumziko ya mchana kwenye ghala la mizigo kule uwanja wa ndege, ilikuwa imejaa mama. Mama anaimba. Mama anagombeza kuku. Mama anacheka.

Sasa ukiviweka pamoja ni sauti ya mtu inayozungumza kwenye nyumba isiyo na mtu. Ndicho alichokiona Paea gizani mle. Alikuwa amepanda kufunga spika ya mwisho, na Kalo kamhakikishia kwamba Hingano kaenda kumpokea Shangazi.

Hingano akamwuliza wifi yake, bila hasira, maana hata hasira hakuwa nayo, si walikubaliana kwamba yeye ndiye atakayekaa kuvitazama viwili pamoja? Si kila wiki alisema viko sawa?

Kalo akafuta makombo ya pai tumboni, akaeleza. Alikaa, kweli alikaa, mara zote. Ila giza likiingia tu, huyu wa tumboni anamvuta, anamlaza. Akiamka, kazi imekwisha na watu wanamwuliza vipi. "Sasa ningesema nini, wifi? Nilikuwa nimelala vizuri. Nikasema iko sawa."

Ule mtungi mwekundu ukasikia mtu akitoa pumzi ndefu.

Paea akauliza, kupitia kwa mkewe, kama dada yake anataka kuisikia sauti kabla. Hingano akasema hapana. Akasema upesi mno kwa mtu mwenye ganzi. Kisha akasema, mwambie aitoe sauti ya mama, abakize nyundo tu.

Jibu lilikuwa la kifundi. Sauti ya mama na nyundo vimeshapikwa sufuria moja, haviachani, na muda wa kupika upya haupo. Dawa ni moja. Yeye Paea akae ukumbini mwenyewe, aendeshe sauti kwa mkono. Mama akianza kusema, anaishusha. Nyundo zikirudi, anaipandisha. Lakini ili nyundo idondoke pale picha inapodondoka, lazima aione picha. Na Hingano naye lazima aisikie sauti, ili azigeuze picha kwa mkono.



Wote wawili ukumbini. Taa zimezimwa. Macho manne kwenye picha moja.

Kalo akasema yeye anaweza kukamata upande mmoja, wowote. Kaka kwa ukuta wake na dada kwa mlango wake wakasema hapana kwa pamoja, na mtu asiyewajua angedhani walifanya mazoezi. Kalo ndiye yule ambaye kanisani watu wote wakipiga makofi, yeye anapiga pale walipopumzika.

"Basi mwulizeni Shangazi," Kalo akasema, akauma pai. "Mimi mniache nile."

Hawakuwa na haja ya kumtafuta. Mlango wa chini ulifunguka, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia Shangazi Lavinia.

Alikuja na gari zima la akina mama wa kanisa, kila mmoja na sinia lake limefunikwa karatasi ya fedha: viazi vikuu, nguruwe, na lu, yale majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo. Mlinzi alijaribu kusema kwamba chakula hakiruhusiwi ukumbini. Shangazi alimpa sinia alishike, akapita.

Dada wa baba kwetu si mtu wa kuchezewa. Katika ukoo ule hakuna neno lililokaa juu ya neno lake. Mama yao akina Hingano, kwa kuolewa na kaka wa Shangazi, alimtumikia mpaka siku ya mwisho: kipande kinono cha kwanza chake, mkeka laini wake, na Shangazi akikaa chini yeye haketi kitini. Hakuwahi kulalamika mbele za watu.

Kesi ikaletwa. Kalo ndiye aliyekuwa wakili, maana wenye kesi hawakuweza kusimama pamoja. Mmoja alibaki nyuma ya nguzo, mwingine juu kwenye kibaraza.

Kalo alianza mbali, akapitia kwenye adabu na malezi na marehemu, akafika kwenye ushahidi. Huu, akasema, si ukumbi mmoja. Watu wanasema ukumbi kwa uvivu. Hizi ni nyumba tano zilizopandana, na zimetobolewa katikati kwa ajili ya hewa. "Kila ghorofa ina choo chake, Shangazi. Chumba kimoja kikawa na vyoo vitano, umeona wapi?"

Akina mama wakaitikia kwa koo. Hoja ya choo iliwaingia.

Shangazi akainua kidevu akatazama juu, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka kofia ikataka kuanguka.

"Vyumba nimeviona," akasema. "Na giza je? Giza nalo lina vyoo vitano?"



Shangazi akaagiza taa zizimwe, alione giza lenyewe. Zikazimwa. Lilikuwa giza moja, jeusi, limejaa kutoka sakafu hadi paa bila mshono. Mtu mmoja akakanyaga sinia. Taa zikawashwa.

"Giza ni moja," Shangazi akahukumu. "Na kaka na dada hawakai giza moja."

Hingano kule juu alisikia mtihani wake ukifa. Alingoja aumie. Hakuumia. Alikuwa anatazama kofia ya Shangazi kutoka juu, duara jeupe, akafikiri kwamba projekta ya pili ingeweza kulifunika vizuri.

Lakini Shangazi alikuwa hajamaliza. Hawa watu wakubwa hawakati shauri mara moja, hulikata na kuliunga. Akasema giza likikatwa linakuwa mawili. Hingano akae ghorofa ya tano, kwa kuwa dada ni wa juu siku zote. Paea akae chini kabisa, nyuma ya nguzo. Na katikati, ghorofa ya tatu, asimame mtu na tochi inayowaka. Juu ya tochi litakuwa giza la dada, chini ya tochi litakuwa giza la kaka. Tochi ikizimika, kila mmoja ashike njia yake.

"Tochi atashika nani?" mama mmoja akauliza.

Wote wakamtazama Kalo, aliyekuwa hana kazi.

Watu wakaja. Wanafunzi na makoti yao yaliyolowa, walimu, Watonga wa Ōtāhuhu na wa Māngere, watoto wakapakatwa. Profesa Tolley akaja na wenzake wawili wa mtihani, wakapewa viti vya nyuma ya Shangazi, na kila mmoja akajikuta ana kiazi kikuu mkononi. Profesa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Alikiweka kiazi juu ya kalamu yake, hakujua akipeleke wapi.

Taa zikazimwa. Ghorofa ya tatu tochi ikawaka, kanukta ka njano.

Nyundo ya kwanza ikadondoka.

Na palepale ilipodondoka, juu kabisa ya ukuta, mwanga ukafunguka. Ngatu ikaanza kushuka. Ilishuka ngazini kipandio kwa kipandio kama mtu anavyokunjua mkeka, ikazungukia nguzo ikazivika, ikapita chini ya vibaraza, haikumwagika hata chembe nje ya kipimo. Nyundo ikapiga, michirizi ikajichora. Zikapiga mbili, jengo zima likajongea, watu wakashika viti.

Sauti za kushangaa zikatoka gizani. Hingano alizisikia kama zinatoka nyumba ya jirani. Vidole vyake vilikuwa vinageuza picha, na nyundo za Paea zilikuwa zinaingia mlemle, hazichelewi, haziwahi. Tangu Krismasi wamefanya kazi hii moja, na hii ndiyo mara ya kwanza kuionja pamoja. Mkono wake ulijua jambo hilo. Yeye mwenyewe bado.

Mama alipotaka kusema, Paea alimshusha. Kipande cha kugombeza kuku kikapita kimya. Kipande cha wimbo kikapita kimya. Profesa Tolley alikuwa ameegemea mbele, amekisahau kiazi.

Ikabaki robo tu, na Hingano akajua atafaulu. Alilijua hilo kama mtu anavyojua ni siku gani ya wiki.

Hapo ghorofa ya tatu tochi ikainama, ikatazama sakafu, ikazimika.

Kalo alikuwa amelala.

Giza likaungana. Hingano akatazama chini, akingoja kuona kivuli cha kaka yake kikiondoka, maana hukumu ilikuwa wazi, kila mmoja ashike njia yake. Kivuli hakikuondoka. Katika mwanga uliokuwa ukirudi kutoka ukutani alimwona Paea nyuma ya nguzo, ameketi wima, ametoa mikono yote miwili kwenye mashine. Mikono ameiweka magotini. Haendeshi chochote.

Na kwenye spika za ghorofa zote tano mama akacheka.

"Nyie," mama akasema, "bado mnaninasa tu?"

Akina mama wa kanisa wakaguna kwa mguno mmoja, kama waliopigwa tumboni. Hingano hakutikisika. Picha ya kitambaa ikaendelea kutembea ukutani, nzuri, safi, haina mtu.

"Sogeeni," mama akasema. "Tazameni huku niwaonyeshe."

Na watu wakatazama. Hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Vichwa vyote, wa kanisa na wa chuo na watoto waliopakatwa, viligeuka vikimtafuta, kushoto, kulia, juu. Kwenye kuta hapakuwa na kitu ila michirizi.

"Si mtazame basi. Mnatazama wapi?"

Mtoto mmoja akauliza kwa sauti yuko wapi. Profesa Tolley akakiondoa kile kiazi juu ya kalamu.

Hingano akaiona kalamu. Onyesho linazungumza jambo, macho hayalioni. Kosa la namna hiyo halifichiki hata kwa Mzungu aliyeshiba. Na alijua dawa ilipo. Zile picha za kwanza hakuzifuta, alizitoa tu, akaziweka kando ndani ya kompyuta ileile na hakuzifungua tena. Zilipigwa siku moja na sauti hii, saa moja, uani kulekule.

Alijiambia ni kwa ajili ya mtihani. Akabonyeza.

Mama akatokea.

Alikuwa mkubwa wa ghorofa tatu, ameketi mbele ya gogo lake, nyundo mkononi, na mdomo wake ukafunguka palepale sauti ilipofunguka. "Haya," akasema, na neno na midomo vikakutana, bila Hingano kugusa kitu, bila Paea kugusa kitu.

Mama akaweka mkono gotini, akasimama. Akaukaza mkeka kiunoni. Akaichukua ile nyundo akaibana kwapani, kama mtu anavyobana mkoba.

Hapo ndipo Hingano alipokumbuka kinachofuata.

Alikumbuka vizuri sana, kwa sababu siku ile yeye mwenyewe alicheka mpaka kamera ikatikisika. Mama alikuwa hawaonyeshi kuponda gome. Mama alikuwa anawaonyesha jinsi Shangazi Lavinia anavyoingia kanisani.

Ukutani mama akainua kidevu. Akatoa kifua mbele, makalio nyuma. Akaenda kuelekea ngazi, na kwa kuwa Hingano alizipima ngazi zile kipandio kwa kipandio, mama akazipanda kweli, mguu huu, kituo, mguu ule, kituo, akigawa macho kushoto na kulia kama mtu anayegawa peremende.

"Nipisheni," mama akasema kwa sauti ya puani. "Nipisheni, mwenye kanisa nimefika."

Safu ya akina mama, mmoja akakoroma kwa pua. Akajizuia. Wa pili akashindwa. Kisha safu nzima ikaenda, wanalia na kucheka kwa mpigo, wanafinyana mapaja, wengine wamejitia kitambaa mdomoni, maana kila mmoja wao alimjua mwenye mwendo ule, na kila mmoja wao aliwahi kumpisha.

Shangazi Lavinia akasimama.

Kicheko kikakatika kama kimekatwa na kisu.

"Zima," akasema.

Hakupaza sauti. Ameshazoea kwamba hana haja. Profesa Tolley akageuka, akamtazama Shangazi, kisha akatazama juu, kwenye ghorofa ya tano, na kalamu ikiwa tayari. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa sharti. Likizimwa katikati, amefeli.

Kidole cha Hingano kilikuwa juu ya kitufe. Akagundua kwamba chuma cha kizuizi cha kibaraza ni baridi, na kwamba ulimi ulioungua unauma. Alikuwa anaogopa. Tangu makaburini hakuwa ameogopa kitu, na sasa woga ulimwingia wote kwa pamoja, mbichi, mpaka akashika kifua.

Ndipo sauti ikatoka chini, nyuma ya nguzo. Haikupitia kwa Kalo. Haikuuambia ukuta.

"Usizime, dada."

Hiyo tu. Katika giza moja, mbele ya Shangazi, na watu wote wakasikia.

Shangazi Lavinia hakumjibu Paea. Hakumtazama. Aliuchukua mkoba wake, akaubana kwapani, akainua kidevu, akaanza kupanda ngazi.

Akapanda ndani ya picha. Mbele yake mama wa mwanga, mguu huu, kituo, mguu ule, kituo. Nyuma yake Shangazi mwenyewe, mguu huu, kituo, mguu ule, kituo, kifua mbele, makalio nyuma, macho kushoto na kulia. Wawili, ngazi moja, mwendo mmoja. Hakuna aliyethubutu kucheka na hakuna aliyeweza kuangalia pembeni. Profesa Tolley alikuwa amevua miwani.

Ghorofa ya pili. Ya tatu, akamruka Kalo aliyelala na tochi yake. Ya nne.

Alipofika juu alikuwa anahema, na mkono mkubwa wa mama, mkono wa mwanga, ulikuwa umemwangukia begani na kofiani. Hakuukung'uta. Alisimama karibu sana na Hingano, harufu ya mafuta ya nazi na ya nguruwe, akaitazama kompyuta kama mtu anavyotazama sufuria ya jirani.

"Mimi haya madude siyajui," akasema polepole, na sauti yake haikuwa ile aliyoitumia kule chini. "Nionyeshe, mwanangu. Cha kuzima ni kipi?"

Hingano, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumdanganya shangazi yake hata kwa neno moja, akanyoosha kidole.